Watu kwanza, faida baadaye: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ushirika Tanga

Maswali haya huulizwa kituoni asubuhi watu wakisubiri maziwa yapimwe, kwenye mikutano ya mtaa, na kwa simu usiku. Mengi ni ya wafugaji wa pembezoni mwa jiji la Tanga, Muheza na Pangani, kwa sababu kazi yangu ni kushika vitabu vya hesabu vya chama cha msingi cha wafugaji. Mkulima wa machungwa, wa mkonge au wa mwani atakuta mengi yanamhusu. Jibu likishatolewa mahali pamoja halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Misingi

1. Chama cha ushirika kina tofauti gani na kampuni?

Tofauti iko kwa mwenye mali. Kampuni ni ya waliotia mtaji, na huwepo ili mtaji wao uzae. Chama cha ushirika ni cha wanaokitumia: mwenye maziwa anayoleta kituoni ndiye mwenye kituo, na mweka akiba kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ndiye mwenye SACCOS hiyo. Kila chama kina masharti yake, lakini vyote Tanzania Bara viko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Msimamizi wao ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na anayeandikisha chama au kukifuta anaitwa Mrajis.

2. Mnasema watu kwanza. Kwani hamtaki faida?

Tunaitaka. Chama kinachoishia hasara mwaka hadi mwaka hakimfai mtu. Tenki la kupozea maziwa likiharibika ni nani atalitengeneza? Tunachokataa ni faida kuwa ndiyo sababu ya chama kuwepo, halafu mfugaji awe njia tu ya kuipata.

Kinachobaki mwisho wa mwaka baada ya gharama zote tunakiita ziada. Kwanza inatengwa akiba ya lazima kwa mujibu wa sheria, kisha mkutano mkuu unaamua kilichosalia kifanyiwe nini: kitanue kituo, kilipie mafunzo, au kirudi kwa wanachama. Kikirudi, hurudi kwa kadiri kila mtu alivyokitumia chama. Tuseme imebaki shilingi 6,000,000 ya kugawa na mwaka mzima chama kimepokea lita 200,000. Hiyo ni shilingi 30 kwa kila lita. Mama aliyeleta lita mbili kwa siku, yaani lita 730 kwa mwaka, anapata 21,900. Aliyeleta lita ishirini kwa siku anapata 219,000. Hakuna aliyepata kwa sababu tu alikuwa na fedha za kununua hisa nyingi.

Hapo ndipo watu wanapotangulia: ni kwenye hesabu. Moyo mzuri wa mwenyekiti ni jambo la kushukuru, lakini mwenyekiti hubadilika. Kanuni ya kugawa ziada hubaki kwenye masharti.

3. Mwenye ng'ombe kumi na mwenye ng'ombe mmoja wana kura sawa kweli?

Ndiyo, moja moja. Kanuni hii ilipata umaarufu kupitia wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, ambao mwaka 1844 walifungua duka la siagi, sukari, unga na mishumaa, wakiwa wamechoshwa na maduka yaliyowauzia vyakula vilivyochanganywa uchafu. Walianza watu 28. Duka lilikuwa dogo, ila kanuni zao zimefika dunia nzima. Muungano wa Kimataifa wa Ushirika, ulioanzishwa 1895, unazitambua saba hivi sasa: uanachama wa hiari na wazi, usimamizi wa kidemokrasia, wanachama kuchangia uchumi wa chama, uhuru na kujitegemea, elimu na taarifa, vyama kushirikiana, na kujali jamii. Hiyo ya mwisho iliongezwa mwaka 1995.

Wafugaji wakubwa hulalamika, nami nawaelewa, maana chama kikianguka wao ndio wanaopoteza zaidi. Lakini wanapata zaidi pia kwenye mgao, kama mfano wa swali la 2 unavyoonyesha. Wakipewa na kura kwa idadi ya ng'ombe, watu watano wataamua bei ya watu mia mbili.

4. Ushirika ni sawa na upatu, VICOBA au msaragambo?

Ni ndugu, ila si mtu mmoja. Kwenye msaragambo kijiji kizima hutoka kuchimba mtaro au kulima barabara, kisha kila mmoja anarudi kwake. Hakuna hisa wala kitabu. Upatu ni zamu ya fedha, ukishapokea zamu yako imekwisha. VICOBA vina akiba na mikopo, na vingi vimeandikishwa kama vikundi vya huduma ndogo za fedha.

Ushirika ni biashara yenye hati. Chama kinaweza kufungua akaunti, kusaini mkataba na kiwanda, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Vyama vizuri nilivyoviona vilianzia kwenye upatu wa akina mama au kwenye kikundi cha kuzikana, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kujuana nani analipa na nani anakimbia.

## Kujiunga

5. Nahitaji nini ili niwe mwanachama?

Uwe na miaka 18 au zaidi, uwe unafanya shughuli ambayo chama kipo kwa ajili yake, ulipe kiingilio, na ununue hisa za chini zilizotajwa kwenye masharti. Kiingilio hakirudi. Hisa ni mali yako (swali la 17). Omba nakala ya masharti uisome kabla ya kulipa. Ukiambiwa nakala haipo, usilipe siku hiyo.

6. Ng'ombe ni wa mume wangu, lakini anayekata majani, kukamua na kuleta maziwa ni mimi. Mwanachama ni nani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ndogo, na kwangu ni miongoni mwa maswali makubwa kuliko yote hapa.

Kwa vyama vingi vya wafugaji hakuna kinachomzuia mama kuwa mwanachama kwa jina lake, kwa kuwa chama kinatazama nani anayeleta maziwa. Lakini desturi imekuwa kuandika jina la mume, naye ndiye anayeitwa mkutanoni na ndiye anayepokea malipo. Matokeo yake ni kwamba anayejua maziwa yalipungua lini na kwa nini hana kura, na mwenye kura hajui bei ya pumba. Mkutano wa namna hiyo hauwezi kuamua mambo vizuri.

Ushauri wangu ni huu. Kama inawezekana, jiungeni wote wawili, kila mtu na kadi yake, na maziwa ya asubuhi yaandikwe kwa mmoja, ya jioni kwa mwingine. Kama ni mmoja tu, mzungumze nyumbani awe yule anayefanya kazi. Na malipo yaende kwenye namba ya simu ya mwenye kadi. Nimeshuhudia kina mama wakikaa kimya miaka mingi, lakini mara tu walipopata kadi zao wakasimama mkutanoni na kuuliza swali moja kuhusu mafuta ya gari la chama. Bodi nzima ilibidi irudi na risiti.

7. Tuko wachache. Tunaweza kuanzisha chama chetu?

Kwa chama cha msingi cha kilimo au ufugaji, hesabuni kuanzia watu 20. Anzeni kwa Afisa Ushirika wa halmashauri yenu. Atawaeleza kuhusu andiko la mradi, rasimu ya masharti na mkutano wa waanzilishi. Maombi sasa hupitia mfumo wa kidijitali wa Tume uitwao MUVU. Ila jiulizeni kwanza kama hakuna chama jirani cha kujiunga nacho. Vyama viwili dhaifu kwenye kata moja vitagombea lita zilezile.

## Bei, vipimo na makato

8. Mchuuzi analipa bei kubwa kuliko chama, tena taslimu. Kwa nini nikuuzieni ninyi?

Wakati mwingine ni kweli, nami sitakuficha. Kiangazi majani yakikauka na maziwa yakiadimika, mchuuzi wa baiskeli anakufuata hadi zizini na bei yake inapanda. Masika yakija, ng'ombe wakashiba na maziwa yakafurika, mchuuzi huyohuyo haonekani, au anakuja na bei ya kukutupia. Chama kinapokea siku zote mbili. Ukitaka kulinganisha, linganisha mwaka mzima: jumlisha na dawa uliyokopeshwa, pumba uliyochukua kwa makato, na ziada iliyorudi.

Uzito mwingine uko kwa jirani yako. Gari la kupeleka maziwa kiwandani linakula mafuta yaleyale likiwa limejaa au nusu. Kila anayeuza pembeni anaongeza gharama ya lita ya yule aliyebaki, mara nyingi bibi mwenye ng'ombe mmoja ambaye mchuuzi hamfuati kwa kuwa nyumba yake iko mbali na barabara. Ndiyo maana masharti ya vyama vingi yanadai mwanachama alete sehemu fulani ya maziwa yake. Hatumzuii mtu kubakiza ya watoto wake wala ya kumuuzia jirani mgonjwa.

Machungwa ya Muheza yana kisa kama hiki. Mnunuzi anakuja na lori, bei anaitaja yeye, na mkulima anayehitaji ada ya shule wiki hiyo anauza matunda yakiwa bado juu ya mti. Mmoja mmoja hawana la kujibu. Wakiwa na chama chenye mfuko wa kukopeshana ada, wanaweza angalau kusubiri matunda yakomae.

9. Mbona maziwa yangu yalikataliwa wakati nimeyakamua alfajiri hiihii?

Hebu tupite hatua kwa hatua. Mpokeaji anafungua keni na kunusa. Kisha anamimina maziwa kwenye chombo kirefu na kutumbukiza laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa. Yakiwa yameongezwa maji, laktomita inazama kupita kiasi. Halafu anachukua kidogo kwenye kichupa, anaweka spiriti kwa kipimo sawa na cha maziwa, anatikisa. Maziwa mazuri yanateleza kwenye kioo bila alama. Yaliyoanza kuchacha yanaacha chembechembe kama unga uliomwagikiwa maji, na hapo hayapokelewi, hata yawe ya mwenyekiti.

Sababu kubwa huwa si ubaya wa mtu. Ni dumu la plastiki lenye mikwaruzo ndani ambayo brashi haifiki, au maziwa ya jioni kuchanganywa na ya asubuhi, au safari ndefu juani kwenye baiskeli. Keni ya alumini huondoa nusu ya tatizo. Uliza kama chama chako kinakopesha. Na ng'ombe aliyechomwa sindano, maziwa yake yasiletwe mpaka siku alizosema daktari wa mifugo ziishe, hata kama spiriti haionyeshi kitu.

Tunakuwa wakali kwa sababu maziwa yote yanaingia tenki moja. Lita tano zilizochacha zinaweza kumharibia kila mtu aliyeleta siku hiyo. Na atakayekunywa huko Makorora au Chumbageni ni mtoto wa mtu.

10. Makato kwenye malipo yangu ni ya nini?

Yanapaswa kuwa ya aina mbili tu: yaliyopitishwa na mkutano mkuu (gharama za kituo na usafiri, hisa za kila mwezi) na uliyoyaomba mwenyewe (pumba, dawa, uhimilishaji yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija, mkopo). Kato ambalo haliko kwenye kundi lolote kati ya hayo, lihoji kwa maandishi, nawe ujibiwe kwa maandishi.

11. Chama kinaweza kumiliki kiwanda?

Kinaweza, na Tanga ni mfano unaotajwa nchi nzima. TDCU, chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi vya wafugaji wa maziwa mkoani, kilikuwa miongoni mwa waasisi wa kiwanda cha Tanga Fresh katika miaka ya 1990, pamoja na washirika kutoka Uholanzi. Wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu waliingia kwenye meza ya wenye kiwanda.

Jambo hili lina uzito kwa sababu bei huamuliwa na mwenye mashine. Tazama mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893; miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo mashamba makubwa yakaenea mkoa mzima, yakilimwa na manamba walioletwa kutoka mbali, na mali yote ilikuwa ya mwenye shamba. Leo Korogwe wako wakulima wadogo wa mkonge walio kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, wenye eka zao. Ni hatua kubwa. Lakini jani la mkonge likishakatwa haliwezi kukaa; lisipopita mapema kwenye korona, mashine ya kutoa singa (nyuzi) kwenye jani, singa hizo zinaharibika. Kwa hiyo mkulima mwenye majani asiye na korona bado anangoja huruma ya mwenye nayo. Chama kinachotanguliza watu lazima siku moja kiulize: korona ni ya nani?

## Chama na jamii

12. Chama kinasaidia watu wasio wanachama?

Kinapaswa, kwa kiasi ambacho mkutano umekubali. Madawati ya shule, kisima, mchango wa zahanati, chakula kwa kituo cha yatima mwezi wa Ramadhani: haya yote yanawezekana kukiwa na mfuko wa jamii uliopitishwa kwenye makisio ya mwaka. Kisichofaa ni mwenyekiti kutoa fedha za chama kwenye hafla ili asifiwe yeye.

Msaada ulio mkubwa zaidi hauonekani kwenye picha. Kituo kikipokea maziwa kila siku bila kukosa, muuza pumba ana wateja, kijana wa bodaboda ana mizigo, na duka la mtaa linakopesha kwa sababu linajua tarehe ya malipo.

13. Chama kikikua sana, si kitageuka kuwa kampuni kama nyingine?

Hatari hiyo ipo. Mondragon, kule Hispania, ilianza mwaka 1956 kwa karakana ndogo ya vijana waliofundishwa na padri José María Arizmendiarrieta, na leo ni kundi la vyama vyenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Wamejiwekea kikomo cha tofauti kati ya mshahara wa juu na wa chini. Mwaka 2013 chama chao kimoja kikubwa, Fagor, kilichotengeneza majokofu na majiko, kilifilisika, na vyama vingine vikawapokea wengi wa wafanyakazi wake. Ukubwa haukuwakinga na hasara. Uliwapa mahali pa kupeleka watu wao.

## Hofu na matatizo

14. Baba yangu anasema ushirika uliwala. Kwa nini niamini huu wenu?

Msikilize baba yako, ana ushahidi. Ushirika wa nchi hii ulianza kwa nguvu ya wakulima wenyewe. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, sheria ya kwanza ya ushirika ikaja 1932, na KNCU, chama chao kikuu, ikaandikishwa 1933. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba wakiongozwa na Paul Bomani waliunda shirikisho kubwa katika miaka ya 1950. Vyama hivyo viliwasomesha watoto na kujenga majengo ambayo bado yamesimama.

Baada ya Uhuru vyama viliongezwa haraka kwa amri za juu, vingine mahali ambapo hakuna aliyeviomba. Wizi na uzembe vikaingia. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Mwaka 1982 vikarudishwa kwa sheria mpya, lakini wanachama wengi walikuwa wameshazoea kuviona kama mali ya Serikali. Miaka iliyofuata wakulima wengi walikopwa mazao, wakabaki na stakabadhi mkononi na malipo hayakuja.

Kwa hiyo usiuamini wetu kwa maneno. Amini ukiona taarifa ya ukaguzi imebandikwa ukutani, ukiona mwanachama wa kawaida anauliza na hafukuzwi, ukiona malipo yanatoka tarehe iliyosemwa. Ukivikosa vitatu hivyo, baba yako yuko sahihi.

15. Viongozi wakila fedha, mwanachama wa kawaida anafanya nini?

Anza na haki ya kuuliza kwenye mkutano, na swali lako liandikwe kwenye muhtasari. Usidai maneno, dai karatasi: taarifa ya ukaguzi, taarifa ya benki, mikataba. Ukaguzi wa nje wa vyama vingi hufanywa na COASCO, shirika la umma la kukagua vyama vya ushirika, na mkaguzi anatoa hati. Hati yenye shaka au isiyoridhisha inatosha kuamsha mkutano. Wanachama wanaweza kuitisha mkutano mkuu maalumu kwa idadi iliyotajwa kwenye masharti na kuiondoa bodi. Mrajis Msaidizi wa mkoa anaweza kuagiza uchunguzi. Ikithibitika ni wizi, ni jinai, lipelekeni Polisi au TAKUKURU.

Kinga yenyewe ni ya mapema: ukomo wa madeni. Kila mwaka mkutano unapitisha kiwango cha juu ambacho bodi inaweza kukopa. Watu wengi huchoka wakati huo wa ajenda, wanatoka kwenda kunywa chai, na wachache waliobaki wanapitisha deni ambalo wajukuu watalilipa. Kaeni mpaka ajenda hiyo iishe.

16. Mwanachama mwenzetu amefukuzwa kwa sababu ya itikadi ya chama cha siasa. Inaruhusiwa?

Hapana. Uanachama uko wazi bila ubaguzi wa siasa, dini, kabila wala jinsia. Anaweza kukata rufaa kwenye mkutano mkuu, kisha kwa Mrajis. Vilevile mikutano ya ushirika isigeuzwe kuwa jukwaa la kampeni, hata mgombea awe kipenzi cha wengi.

## Mambo yasiyo ya kila siku

17. Nikitaka kutoka, au nikifariki, hisa zangu zinakwenda wapi?

Ukitoka kwa hiari unaandika barua na kungoja muda uliotajwa kwenye masharti. Madeni yako yanakatwa kwanza, kisha unarejeshewa thamani ya hisa au zinahamishiwa kwa mwanachama mwingine. Ukifariki, zinakwenda kwa mteule uliyemwandika siku ya kujiunga. Wengi waliandika jina la mzazi ambaye sasa ni marehemu. Pitia ofisini ubadilishe.

18. Chama kikifilisika, nitadaiwa nyumba yangu?

Chama cha dhima yenye kikomo kinakudai kiasi kilichotajwa kwenye masharti yake, kwa kawaida hisa zako tu, isipokuwa kama ulisaini dhamana binafsi ya mkopo. Mfilisi analipa wadai kwanza, na wanachama hupata kinachobaki.

19. Naishi Dar es Salaam, ng'ombe wangu wako kwa shemeji Pongwe. Naweza kuwa mwanachama?

Masharti ya vyama vingi yanataka mwanachama awe anaishi au anafanya shughuli ndani ya eneo la chama. Ng'ombe wakiwa Pongwe, unaweza kukubaliwa, lakini mkutano utauliza nani atahudhuria, maana kura ya mwanachama binafsi haitumwi kwa simu wala kwa mtu wa kukuwakilisha. Kama huwezi kusafiri, mwandikishe shemeji. Yeye ndiye anayejua ugonjwa wa ndigana umeingia zizini wiki gani, na maswali yatakayoulizwa mkutanoni ni yake kuyajibu.